Kwa Waajiri wa Rubavu: Barua ya Wazi juu ya Kurasa za Mtandaoni na Ukweli wa Mtafuta Kazi

Gisenyi, Wilaya ya Rubavu

Kwa Waheshimiwa wenye mahoteli, wakuu wa mashirika, mameneja wa makampuni na maafisa wa ajira wa wilaya hii.
Nakala kwa Shirikisho la Sekta Binafsi (PSF), Rubavu.

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi,

Naomba idhini ya kusema nanyi hadharani jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likisemwa kwa minong'ono katika vibaraza vya maduka, katika mistari ya watu wanaongoja kuvuka mpaka wa Goma pale Petite Barrière, na mbele ya meza yangu mwenyewe, ambapo wana na mabinti wa mji huu huja niwapigie chapa barua zao za kuomba kazi, niwatolee nakala za vyeti vyao, na, tangu miaka michache iliyopita, niwatengenezee ukurasa wa LinkedIn. Jambo lenyewe ni kwamba baadhi yenu, na idadi yenu inazidi kukua, mmeufanya ukurasa huo kuwa shahidi wa kwanza, na aghalabu wa mwisho, juu ya ukweli wa mtu. Hata aliye nao mzuri akahesabiwa mwaminifu, aliye nao dhaifu akatiwa shaka, na asiye nao kabisa akadhaniwa ana la kuficha.

Mimi si adui wa mtandao, kwa kuwa riziki yangu yatoka humo, wala sidai turudi zama za kalamu ya kuchovya. Naandika kama fundi ajuaye kitu kinavyoundwa, na sitajifanya kusimama katikati: naiona desturi hii kuwa ni dhuluma, ingawa wengi wenu mnaitenda bila ya kukusudia, na hoja zangu ni hizi.

1. Ukurasa ule huonyesha ni nani aliyemsaidia mtu kujionyesha. Nyuma ya mlango wa duka langu limetundikwa koti jeusi, na kando yake shali ya buluu, na katika picha za watafuta kazi wa mji huu koti hilo limekwisha kuvaliwa na wahasibu, madereva, wapokea wageni na mhandisi wa maji, wala sijapata kusikia kwamba afisa wa ajira hata mmoja amelitambua, japokuwa kifungo chake cha pili ni cha rangi nyingine. Mteja akishapigwa picha huketi nami, akanieleza kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili kazi aliyoifanya, kwamba alihesabu makreti ghalani, au aliandikisha wageni hotelini, au aliendesha lori la chai kutoka Pfunda; nami huyageuza maelezo yale kuwa Kiingereza kilichonyooka. Siku niliyo na haraka ukurasa huwa mfupi na mkavu, siku niliyo na nafasi huwa mrefu na wenye madoido, ilhali mtu ni yule yule na kazi ni ile ile. Mwenye fedha ya kupanda basi kwenda Kigali kwa mabingwa wa shughuli hii hurudi na ukurasa ambao mimi siuwezi. Basi pale mnapompa mtu alama kwa ufasaha wa ukurasa wake, alama ile mmempa mwandishi wake, na mimi, kwa upande wangu, nashukuru, ila hamkuniajiri.

Kuhusu zile hesabu mnazozitumainia, nitasema kwa ufupi. Idadi ya watu waliounganishwa na mwenye ukurasa, ambayo mtandao ule huionyesha mpaka 500 kisha ukaweka alama ya kujumlisha, hupatikana kwa jioni chache za kubofya. Na sifa za ujuzi, ambazo tangu mwaka 2012 mtu aweza kumpa mwenzake kwa mbofyo mmoja, hutolewa kwa nipe nikupe. Kampuni yenyewe, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26, hukiri katika taarifa zake kwamba huziondoa akaunti bandia kwa mamilioni. Mwezi Mei 2022 serikali ya Marekani iliwaonya waajiri kwamba mafundi wa kompyuta kutoka Korea Kaskazini wanajipatia kazi za mbali kwa majina na uraia usio wao, na hao hawakupungukiwa na kurasa zenye kupendeza macho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nanyi mmekaa barazani mkimngojea ajitembezaye, na yule aliyeinamia kazi yake kimya mwamhesabu kuwa hana sifa.

2. Hata wale waliojaribu kupima jambo hili kwa elimu hawakukuta mnachokidhania. Chad Van Iddekinge na wenzake, katika makala iliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Journal of Management, walieleza jinsi maafisa wa ajira walivyopewa kurasa za Facebook za wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi, wakatakiwa wawape alama. Kisha wakati ukapita, wanafunzi wale wakaingia kazini, na wasimamizi wao wakaulizwa utendaji wao ulivyo. Alama za maafisa hazikuwa na uhusiano wowote wa maana na utendaji ule, wala hazikuweza kutabiri nani atadumu kazini na nani ataondoka, walakini zilielekea kuwapendelea wanawake na watu weupe. Mtasema kwamba Facebook si LinkedIn. Naam, na tofauti hiyo yanisaidia mimi kuliko ninyi, maana ukurasa wa Facebook mtu huuandika kwa ajili ya rafiki zake, naye husahau mara nyingi kwamba anatazamwa, ambapo ule wa LinkedIn tangu herufi ya kwanza umeandikwa kwa ajili ya jicho la mwajiri. Na ikiwa lile lililoandikwa kwa kujisahau halikumwonyesha mfanyakazi, sembuse lililoandikwa kwa kujipamba?

3. Majina yetu hayatafutiki kama mnavyodhani. Katika desturi ya Rwanda mtoto halazimiki kuchukua jina la baba yake, hata ndugu wanne wa tumbo moja waweza kuwa na majina manne yasiyofanana, na kwa upande wa pili akina Habimana na akina Uwimana wamejaa kila mtaa kuanzia Mbugangari mpaka Nyundo bila ya kuwa na udugu wowote. Kitambulisho hutanguliza jina la Kinyarwanda, mtandao hutaka jina la ubatizo au la Kiislamu litangulie, na mtu mwenye majina matatu huacha moja kwa kuwa hakuna nafasi ya kuliweka. Kijana mmoja, dereva mwenye adabu ambaye nimemjua tangu utoto wake, aliambiwa na ofisi moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, kwamba wamemkuta mtandaoni akiwatukana watu kwa sababu ya mpira. Mwenyewe hakuwa na akaunti huko, na mpira wenyewe haufuati. Alikuwa somo yake. Aliponijia kuniuliza afanyeje kuthibitisha kwamba yeye si yule, sikuwa na jibu, maana ofisi ilikwisha kumchukua mwingine.

4. Mnapima lugha huku mkidhani mnapima uaminifu. Ninyi mnaokumbuka mnajua kwamba nchi hii ilikata shauri mwaka 2008 kuhamisha masomo ya shule kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, kwa hiyo mtu mwenye umri wa miaka arubaini na kitu leo alisoma hesabu, uhasibu na uuguzi wake wote kwa Kifaransa, akafanya kazi kwa Kifaransa, na barua zake za sifa, zilizoandikwa na mabwana wenye nishani, ni za Kifaransa. Mnamtaka aandike ukurasa kwa Kiingereza. Anaandika, anakosea nyakati za vitenzi, nanyi mnasema maelezo yake yana utata. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na mpokea wageni akijuaye barabara ni hazina kwa hoteli inayolaza wageni kutoka Goma na Bukavu; lakini katika ukurasa ule ujuzi huo hukaa chini kabisa, neno moja, baada ya majina ya programu za kompyuta ambazo hatazigusa maisha.

5. Mji wetu si mahali ambapo ushahidi wa mtandaoni waweza kukaa salama, na hoja hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kwa miaka mingi watu wa Gisenyi wamevuka kila asubuhi kwenda kufanya kazi Goma, katika mashirika, mabenki, maghala na zahanati, wakarudi jioni. Mji ambamo mkataba wa CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ulitiwa saini mwaka 1976 haukuwa na mazoea ya kuuona mpaka ule kuwa ukuta. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Goma, mabenki yakafunga milango, ofisi nyingi zikahama au zikafa. Na katika siku hizo hizo Marekani ikasimamisha misaada yake, na tarehe 1 Februari tovuti ya USAID, shirika lake la misaada, ikazimika, pamoja na kurasa zote za miradi ambazo wafanyakazi walikuwa wameziunganisha katika wasifu wao kama ithibati ya kazi waliyoifanya. Mratibu wa ghala aliyehudumu miaka kadhaa alijikuta na viungo vinavyoelekea pasipo kitu, na wasimamizi ambao barua pepe zao zinarudi bila ya kupokelewa. Mwajiri mmoja wa upande huu akamwandikia kwamba historia yake haithibitiki. Mtu huyo alikuwa na mkataba wake wa karatasi, wenye mhuri na saini, ndani ya bahasha, naye aliubeba mpaka mlangoni mwa ofisi ile. Hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea.

Kabla ya hapo yalitukuta mengine. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule watu zaidi ya 130 walifariki, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Waliookoka walipoteza nyumba, na pamoja na nyumba wakapoteza simu na laini ambazo akaunti zao zilifungwa kwazo. Nimewafungulia wateja kurasa mpya huku zile za zamani zikielea hazifikiki, zenye tarehe na vyeo vya zamani. Kisha binti mmoja akaulizwa katika usaili, kwa sauti ya hakimu, kwa nini ana kurasa mbili zinazopingana. Alijibu kwamba maji yalichukua simu yake. Nasikia walicheka.

6. Wako wasiotaka kuonekana, na wana haki. Mwanamke aliyeondoa picha yake kwa kuchoshwa na wanaume wanaomwandikia kwa kisingizio cha kazi, na mtu mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka asiyetaka kila ajaye ajue anafanya kazi wapi na kwa nani, hawa hawafichi uovu. Sitaongeza neno hapa, maana kila mmoja wenu ana dada au binti.

7. Tabia hii si mpya kama chombo chake. Katika Kenya ya wakoloni, tangu kuanza kwa miaka ya 1920 mpaka 1947, mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, hati iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni, ambamo mwajiri aliandika tarehe za kuingia na kutoka kazini, hata mwajiri wa pili akamjua mtu kwa kauli ya wa kwanza kabla hajafungua kinywa. Na mpinzani wa wakoloni Harry Thuku na wenzake walipoinuka mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Sitii LinkedIn katika daraja moja na kipande, kwa sababu hakuna askari anayemkamata mtu kwa kukosa ukurasa. Lakini kuna mazoea yaliyobaki, ya kumsoma mtu mkononi mwako naye yu nje ya mlango, na mazoea hayo hupendwa na wakubwa wa kila zama kwa kuwa hayawalazimu kusimama.

Najua jibu lenu, kwa kuwa mmoja wenu, bwana muungwana, alinipa jibu hilo kwa upole: kwamba tangazo moja la kazi huleta maombi mamia, kwamba vyeti vya kughushi vimeenea, na kwamba mtu lazima apate chujio. La kughushi ni kweli. Lakini tazameni jinsi walioamua kulikabili walivyolikabili. Tanzania ilipofanya uhakiki wa watumishi wake, vyeti vilipelekwa kwa Baraza la Mitihani lililovitoa, na mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli akapokea Dodoma taarifa yenye watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hakuna aliyeulizwa amefuatwa na watu wangapi. Na kwamba daftari la mtandaoni, hata likiwa rasmi, laweza kuchezewa, Chama cha Wanasheria cha Kenya kilitufundisha Oktoba 2023, kilipotangaza kuwa mtu asiye wakili aliingia katika akaunti ya wakili wa kweli mwenye majina yanayokaribiana na yake, akatia picha yake mwenyewe humo. Ikiwa hilo liliwezekana katika daftari la chama cha wanasheria, basi ukurasa ambao kila mtu hujiandikia mwenyewe una uzito gani?

Sasa nitaje ninayoyaomba, nayo hayawagharimu fedha nyingi, isipokuwa zoezi la miguu.

Naomba kwanza kwamba anayekusudia kutazama kurasa za waombaji aseme hivyo katika tangazo lake, na aseme atatafuta nini humo. Sheria nambari 058/2021 juu ya ulinzi wa data binafsi na faragha, iliyotolewa tarehe 13 Oktoba 2021, imempa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa jambo gani na haki ya kutaka zisahihishwe. Na dereva wangu wa hoja ya tatu hakupewa hata moja kati ya hizo. Mkikuta jambo linalowatia shaka, mwulizeni mwenyewe kabla ya kukata shauri, na mpeni siku mbili za kujibu.

Naomba pili kwamba kukosa ukurasa kusihesabiwe kuwa ni kosa wala dalili ya kosa. Liandikeni neno hilo katika kanuni zenu za ajira, kwa sababu lisiloandikwa husahauliwa na afisa mpya.

Tatu, hakikisheni mambo kwa walioyatoa. Matokeo ya mitihani ya sekondari yako kwa mamlaka ya mitihani, NESA, ulinganishaji wa shahada za nje uko Baraza la Elimu ya Juu, hati ya kutokuwa na hatia mtu huiomba katika Irembo, mtandao wa huduma za serikali, na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, ina kumbukumbu ya kila mwezi ambao mwajiri alimchangia mfanyakazi wake, na kumbukumbu hiyo mwombaji aweza kuwaletea kwa hiari yake. Kwa wale ambao mabwana zao hawakuwachangia, lawama iwaendee mabwana hao. Na wale waliofanya kazi Goma, pokeeni mikataba yao ya karatasi, kisha wapigieni simu wenzao waliofanya nao, maana wengi wako hapa hapa Rubavu, mwendo wa dakika chache kwa pikipiki.

Nne, mjaribuni mtu kwa kazi. Mhasibu apewe daftari la mwezi mmoja aliweke sawa, mpishi apewe jiko, mpokea wageni awekwe mezani saa mbili wakati basi la watalii limefika, na kwa saa hizo alipwe kama ilivyo insafu. Nimeona hoteli ndogo moja ya pwani ya ziwa ikifanya hivyo kwa miaka, na mwenyewe huniambia kwamba hajui LinkedIn yafunguliwaje.

La tano ndilo ninalolishikilia zaidi, kwa sababu lawahusu ninyi nyote bila ya kubagua, hata msiojali mtandao. Sheria ya kazi ya nchi hii, nambari 66/2018, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya kazi. Wangapi kati yenu mmeitoa bila ya kuombwa mara nyingi? Watu hunijia na miaka minane ya utumishi isiyokuwa na hata karatasi moja, nao ndio wale wale mnaowaambia baadaye kwamba hawathibitiki, kana kwamba uthibitisho huo ulikuwa mkononi mwao wakautupa. Kila mwajiri anayenyima hati leo humsukuma mtu kuja kukodi koti langu kesho.

Msipoyashughulikia haya, yatakayofuata yameshaanza. Bei za kurasa zinapanda. Vijana wanajifunza kwamba muda unaotumiwa kujisifu una faida kuliko muda unaotumiwa kuijua kazi. Wale wenye umri na maarifa wanavuka kwenda Kigali au Kampala, ama wanakaa nyumbani wakiuza muda wa simu. Na ninyi mnalalamika katika mikutano yenu kwamba Rubavu haina watu wa kutegemewa. Wapo. Wengine wako kwenye benchi langu asubuhi hii wakati naandika.

Kwa Shirikisho la Sekta Binafsi nina ombi moja: liweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao wa wilaya, lialike watafuta kazi wachache waketi chumbani humo pamoja na waajiri, na litoe mfano mmoja wa hati ya kazi, ukurasa mmoja tu, kwa Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, wenye jina, cheo, tarehe za kuingia na kutoka, kazi alizozifanya na namba ya simu ya anayeweza kuulizwa. Rasimu yake nimekwisha kuipiga chapa na kuiambatanisha na barua hii, nanyi mna uhuru wa kuirekebisha.

Nabaki mtumishi wenu mwenye heshima,

Mwandishi wa barua za watu,
karibu na soko la Gisenyi